Kidonda hakisubiri mtu aache unga

Jumamosi iliyopita jioni tulikuwa maskani moja ya watu wanaotumia unga, yaani heroini, hapa Manzese, sitasema wapi hasa kwa sababu watakaopata shida ni wenyewe wanaolala pale. Kaka mmoja alikuwa amekaa kwenye boksi lililokunjuliwa, amenyoosha mguu wa kushoto, juu ya kifundo amefunga kipande cha nailoni na kamba ya kiatu. Nilivyoinama tu akasema, "Dokta usifungue, kinanuka." Mi sio daktari, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, lakini kule ukishavaa glavu basi we ni dokta.

Nikafungua. Kidonda upana wake kama kibiriti, kimechimbika, pembeni ngozi imekuwa nyeusi na kukaza, katikati njano. Juu yake amemwagia unga wa dawa za kapsuli, zile za rangi mbili zinazouzwa moja moja, ukashikana na usaha ukawa kama ganda la uji uliokauka kwenye sufuria. Alijichoma hapo kwa sababu mishipa ya mikono ilishakufa siku nyingi, mzigo, yaani heroini, ukaingia nje ya mshipa, pakavimba, likawa jipu, likapasuka, na mtu analala chini kwenye vumbi, maji ya kuoga ananunua choo cha kulipia, sa hapo kitapona vipi. Tulikaa nusu saa nzima tunaloanisha lile ganda kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, taratibu, mpaka likaachia lenyewe bila kung'oa. Afu gozi safi, bandeji, na mfuko wa gozi za akiba.

Nikamuuliza kama hospitali ameenda. Ameenda. Alifika asubuhi, wakamuuliza hela ya faili, wakamuuliza ndugu yuko wapi, mama mmoja kwenye benchi akasogea mbali naye, akavumilia. Mpaka saa nane mchana hajaitwa na arosto ikaanza kumpanda. Kwa asiyejua, mtu wa heroini mwili unataka kila baada ya saa sita, nane hivi, ukichelewa pua inachuruzika, tumbo linakata, anaharisha, mifupa inauma kama inapigwa nyundo kwa ndani, jasho na baridi pamoja. Sa mtu wa hivyo umwambie asubiri foleni ambayo hata mzima inamshinda. Aliondoka. Kwenye karatasi itakuwa imeandikwa mgonjwa ameondoka mwenyewe, na ni kweli aliondoka kwa miguu yake, mmoja ukiwa na kidonda.

Nimeandika hii kwa sababu ya maneno ninayoambiwa kila siku, mtaani, kanisani, hata na ndugu zangu wa damu: mnawaendekeza hao mateja, mnawapa mabomba mapya ya sindano, si waache kwanza ndo wasaidiwe? Nawajibu kwa kirefu leo, kwa sababu na mimi niliwahi kusema hivyo hivyo.

Nilikuwa na mdogo wangu. Alianza na kokteli, ile sigara ya bangi iliyochanganywa na unga, akiwa mpiga debe, baadaye akaingia kwenye kujichoma. Nyumbani tukamwambia kwamba hatumpokei mpaka aache. Akalala nje karibu miaka miwili. Tulipopata hela tukampeleka soba hausi, nyumba ya kukaa ili kuacha unga, akakaa miezi minne, akanenepa, akawa anacheka kama zamani. Alitoka siku ya Ijumaa. Jumapili akakutwa amekufa kwenye jengo ambalo halijaisha. Alipiga kiasi kile kile alichokuwa anapiga kabla, wakati mwili ulishasahau. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mtu aliyetoka soba au jela ndo yuko kwenye hatari kubwa kuliko hata alivyokuwa anatumia kila siku, hakuna aliyemwambia yeye apige kidogo na asipige peke yake. Na sisi tusingependa kuambiwa, tungeona ni kumfundisha kutumia. Wenzake walimmwagia maji ya baridi wakamnywesha maziwa, na maji na maziwa havimwamshi mtu aliyezidiwa na heroini. Kinachomuua ni pumzi, anasahau kupumua. Kuna dawa inaitwa naloksoni inamrudisha ndani ya dakika chache, na hata ikimrudisha usimwache peke yake kwa sababu nguvu yake inaweza kuisha unga bado uko mwilini, akazima tena. Kwenye mkoba wetu haipo. Tunachofundisha pale maskani ni kumpulizia pumzi mdomoni, zikirudi umlaze ubavu asipaliwe na matapishi, na kumkimbiza hospitali bila kuogopa kuulizwa. Ningejua hayo siku zile!

Basi tuendelee. Hapa Dar kujichoma kulishika kasi mwishoni mwa miaka ya 90 kuelekea 2000, ulipoingia unga mweupe unaoyeyuka kwenye maji kirahisi, kabla ya hapo wengi walikuwa wanavuta tu ule wa kahawia. Watu wanachangia bomba moja, watatu, wanne, na virusi vya Ukimwi vikapita humo humo. Tafiti zilizofanyika hapa mjini miaka hiyo zilikuta karibu wanne katika kila kumi wanaojichoma wana virusi, na wanawake hali yao mbaya zaidi kuliko wanaume. Homa ya ini ya C nayo iko humo. Ndo maana Temeke, mwanzoni mwa miaka ya 2010, Médecins du Monde, wale madaktari wa Kifaransa, wakaanza kugawa mabomba safi na kuokota yaliyotumika, na Februari 2011 Muhimbili ikafungua kliniki ya methadone, dawa ya kunywa inayozuia arosto, ya serikali na ya bure, ikafuata Mwananyamala 2012, Temeke 2014, baadaye mikoani Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga.

Bomba safi halimfanyi mtu aanze unga, yule ameshaanza zamani. Linamfanya asiondoke na virusi juu ya uraibu. Na lina kazi nyingine ambayo watu hawaioni, ndo linalomleta mtu karibu. Mtu aliyejificha miaka hajakuita umuoshe kidonda, anakuja kuchukua bomba, wiki ya tatu anakuonyesha jipu, wiki ya tano anakuambia anakohoa usiku na nguo zinalowa jasho, na hapo ndo unampa kikopo cha makohozi apimwe TB. Yaliyotumika tunayarudisha kwenye boksi la njano la sindano, tunahesabu. Wakati mwingine anakuja mtu na chupa ya maji imejaa sindano ameziokota mtaa mzima ili watoto wasikanyage, na hakuna aliyemtuma.

Methadone nimeiona inavyofanya kazi kwa macho yangu. Mtu anakunywa kikombe kidogo mbele ya mfamasia, anaongea kidogo ionekane kweli amemeza, anaenda zake, siku nzima hana arosto, haibi, hakimbizwi, anaweza kubeba zege. Lakini ni kila siku, Jumapili na sikukuu humo humo. Kwa mwenye nyumba na shemeji wa kumpa nauli hilo ni jambo dogo. Kwa anayelala kwenye boksi ni mia sita kwenda na mia sita kurudi kila siku, na makopo aliyookota usiku kucha ndo hiyo hiyo chai na ndo hiyo hiyo nauli. Wengi ninaowafahamu walioacha methadone hawakushindwa na unga, walishindwa na daladala.

Na kuna mengine ya kitaalamu ambayo yanawaumiza bila wao kujua. Kuna mama mmoja, analala kwenye baraza za maduka, alianza methadone vizuri kabisa, akapimwa akakutwa na TB, akaanzishiwa dawa za miezi sita. Wiki ya pili akarudi kwenye unga na kila mtu akasema si mnaona, hawa hawaponi. Kumbe kwenye dawa za TB kuna rifampisini, inalifanya ini litoe methadone mwilini haraka kuliko kawaida, kwa hiyo kikombe kile kile kilichokuwa kinamtosha mpaka kesho yake sasa kinaisha usiku, anaamka na arosto kali akidhani amerogwa. Alikuwa anasema, "Dada, dawa yao wanaichakachua." Aliposindikizwa akaeleza vizuri wakampandishia dozi kidogo kidogo, na TB akamaliza. Fikiria angekuwa hana wa kumsindikiza. Na wanawake ndo wachache tunaowafikia, kwa sababu wengi hawakai maskani za wazi, usiku wanabadilisha sehemu kila saa wakikimbia wa kuwabaka, na mwenye mtoto anaogopa kwamba akijitokeza kliniki ataulizwa kuhusu mtoto.

Turudi kwa yule kaka wa kidonda. Nimeenda siku nne mfululizo, jana ilikuwa ya nne. Siku ya pili alikuwa amelowesha bandeji, nikaifungua upya. Siku ya tatu nilimkuta ameweka mguu juu ya tofali kama nilivyomwambia, na jirani yake, mzee mmoja hivi ambaye mwenyewe hajiwezi, alikuwa anamchemshia maji kwenye kopo la rangi. Tukaongea mabomba, nikamwambia asichome tena mguu wala kinena, na kila akichoma bomba liwe lake peke yake, ngozi aipanguse kwanza kwa spiriti. Hakuna niliposema aache. Yeye ndo aliyeanza.

"Dada, ile ya kikombe ya Mwananyamala, bado wanapokea?"

Nikamwambia wanapokea, nitampeleka mwenyewe kwenye ofisi wanakoandikisha, na siku ya kwanza nauli ni juu yangu. Akanyamaza kidogo. Akaniuliza, na siku ya pili? Nikakosa jibu, na sikutaka kumdanganya. Tukaanza kupiga hesabu pamoja: kutoka hapa kupitia Tandale mpaka Mwananyamala, kwa mguu mzima, ni kama saa moja. Akiondoka adhana ya alfajiri anafika mapema, anakunywa, anarudi anaokota makopo njiani. Kaka mwingine wa hapo hapo maskani anafanya hivyo mwaka wa pili sasa.

"Kwa mguu huu lakini siwezi," akasema, na kweli, hatua kumi anashika ukuta.

Jana nilivyofungua pembeni pameanza kuwa na ngozi ya pinki, ile nyembamba inayong'aa, na katikati pekundu, usaha umekauka. Nilikipima kwa kibiriti kile kile, kimerudi ndani kidogo, kama unene wa njiti mbili. Gozi zimebaki za siku tatu. Leo jioni naenda tena, nampelekea na kandambili za wazi, namba arobaini na mbili, maana viatu alivyonavyo kisigino chake kinagusa hapo hapo kwenye kidonda.