Maji yaliingia sokoni, mchungaji akasema ni imani yangu

Ujumbe wa kanisani umeingia kwenye simu leo alfajiri, kabla sijawasha hata jiko: "Dada, mbegu yako ya laki tatu bado hatujaiona. Ijumaa ni mwisho." Nimeusoma mara mbili, nikaiweka simu kifudifudi, nikakaa kitandani bila kusema neno. Wiki tatu nimelinyamazia jambo hili. Leo naliandika.

Kwa wasionijua: niko Kampala tangu 2016. Nilitoka Mwanza na mume wangu, tukapita mpaka wa Mutukula tukiwa na mabegi mawili na mtaji wa ng'ombe waliouzwa nyumbani kwao. Mwaka 2019 Mungu akamchukua. Ndugu wakasema rudi, huku watoto watasoma bila ada. Walisema kwa mapenzi, nami sikuwapinga. Lakini meza yetu pale soko la Owino ilikuwa imeanza kutulisha, na wateja walikuwa wameshanijua kwa jina la mtoto. Nikabaki. Niliomba usiku mzima, nikabaki.

Nauza mitumba ya watoto. Siku ile mvua ilianza saa tisa usiku. Nilipofika sokoni saa kumi na mbili, mfereji wa Nakivubo ulikuwa umeshatapika. Nilikuwa nimefungua belo jana yake, kilo 45, milioni moja kasoro kidogo, na nusu ya hela hiyo ni mkopo wa kibiina chetu cha kuwekeana akiba. Sweta zilikuwa zimeelea hadi kwenye meza ya muuza viatu. Soksi zimejaa tope. Kila nguo niliyoinua ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala.

Jioni ile nilikwenda kanisani nikiwa bado na matope kwenye magoti. Sikufuata pesa, nilitaka mtu anishike mkono aombe nami. Miaka mitatu nimefagia ukumbi ule, nimeimba kwaya pale, nimepika kwenye misiba ya watu wa pale. Mchungaji akanisikiliza amesimama. Kisha akasema, "Mama, maji hayawezi kuingia kwa mtu mwenye agano. Kuna mlango umeuacha wazi. Panda mbegu, ufunge mlango." Mbegu ni sadaka ya pesa. Akataja kiasi, akaita mtu anayefuata kwenye foleni.

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani. Njia nzima nilikuwa nahesabu dhambi zangu. Mjane unajiuliza: je, hata mume wangu alikufa kwa sababu niliacha mlango wazi? Hilo ndilo lililoniuma kuliko belo. Mtu anaweza kukunyang'anya hela ukapona. Akikunyang'anya Mungu wako usiku ambao huna kingine, hapo amekufanyia kitu kibaya mno.

Asubuhi nilirudi sokoni kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikamkuta Jjajja. Ni bibi wa Kiganda, meza yake inapakana na yangu, anauza mashuka. Mashuka yake nayo yalikuwa yamelowa. Alikuwa ameyaacha kwenye rundo, amewasha pasi yake ya mkaa, na mbele yake alikuwa ametandaza nguo zangu. Zangu, si zake. Alikuwa amekwishazisuuza kwenye beseni. Akachukua sweta dogo la njano, akalifunika kwa kitambaa, akapitisha pasi taratibu, mvuke ukapanda ukamfunika uso, akaligeuza, akapitisha tena kwenye kola. Akalikunja, akaliweka juu ya mengine. Yalikuwa yamefika kama thelathini. Nikamuuliza ameanza saa ngapi. Akasema, "Muwala wange, binti yangu, usiku ni mrefu kwa mzee."

Jjajja anajua Kiswahili. Hili huwashangaza wengi, maana Kiswahili kwenye katiba ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu 2005, ila kwa wazee wengi wa huku bado ni lugha ya mtutu wa bunduki. Yeye alikiokota mwaka 1979 kwa wanajeshi wetu, wale ambao huku wanaitwa bakombozi. Siku ya kwanza aliposikia natoka Tanzania aliniita Mukombozi, na bado ananiita hivyo akifurahi.

Nikamweleza maneno ya mchungaji. Hakunijibu upesi. Akaongeza mkaa kwenye pasi, akapuliza, kisha akaniuliza: "Hili soko jina lake nani?" Nikasema Owino. Akatikisa kichwa. "Jina lake kamili."

Jina lake kamili ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Miaka yote ile nalisoma kwenye karatasi za ushuru na sijawahi kuuliza. Yusufu Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi wa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mtu aliyeaminiwa. Askofu James Hannington alipouawa kule Busoga, Oktoba 1885, Balikuddembe alithubutu kumwambia Kabaka kwamba amekosea. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo akaletwa hapa Nakivubo, hapahapa tunapopigania wateja, akakatwa kichwa na mwili wake ukachomwa moto. Miezi saba isiyotimia baadaye, tarehe 3 Juni 1886, vijana aliowafundisha wakachomwa Namugongo. Mashahidi wa imani wa miaka ile wanaohesabiwa ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Jina lenyewe Balikuddembe, kwa Kiganda, ni kusema wao wako kwenye amani.

Jjajja akasema, "Mtu huyu alisali kila siku. Yeye aliacha mlango gani wazi?"

Nililia pale mezani, mbele ya wateja.

Yeye ni Mprotestanti wa Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana, tangu utotoni. Mwaka 1977 alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa na serikali ya Idi Amin na watu wakatangaziwa kuwa ni ajali ya gari. Kaburi lilichimbwa pale kilimani Namirembe, waumini wakakusanyika wakisubiri mwili. Mwili haukuletwa, ulipelekwa kuzikwa kwao kaskazini. Jjajja anasema waliimba mbele ya shimo tupu, na wengine waliokuwa wakiimba walijua majina yao yanaandikwa. "Hatukuimba kwa sababu mambo yalikuwa mazuri," alisema. Akarudi kwenye pasi.

Ndugu zangu, mimi si mwanateolojia. Nimelelewa kanisa la AIC (Africa Inland Church), najua Shule ya Jumapili na nyimbo za vitabuni. Lakini nawaambia kwa moyo wote: imani waliyonifundisha wazazi wangu haikuwa dawa ya kuzuia mafuriko. Mama yangu alimzika mtoto wake mchana, jioni akapiga magoti palepale alipopiga jana yake. Hakuwa na laki tatu. Alikuwa na Mungu, na alimwambia Mungu kwamba anaumia. Ayubu naye alikaa kwenye majivu akalalamika, na waliomwambia ana dhambi iliyofichika ndio Mungu aliowakasirikia. Kwa nini wanaousimamia mlango wa kanisa hawasomi hadi sura za mwisho?

Sisemi kutoa ni vibaya. Zaka nimetoa hata mwezi wa msiba. Ninachokataa ni mtu kusimama juu ya tope langu na kuniuzia rehema.

Na kwa mnaoniuliza kwa WhatsApp kila siku kama mje Kampala: njooni, lakini msije na mtaji wote wa mkopo. Belo moja likilowa, mkopo haulowi. Hakikisheni hati zenu zimegongwa muhuri mpakani, mhesabu siku zilizoandikwa. Jifunzeni Kiganda tangu wiki ya kwanza, hata salamu tu, maana ukimsalimia mtu kwa lugha yake kwa unyenyekevu bei yenyewe hubadilika. Mwenye watoto ajue kwamba shule ikifunguliwa hutoi ada peke yake. Kuna rimu za karatasi, mafagio, karatasi za chooni, na mihula ni mitatu. Aliyezoea kwetu atashika kichwa. Nyumba wanataka miezi mitatu mkononi kabla hujapewa ufunguo.

Na kanisa msichague kwa spika na taa. Chagueni mahali ambapo usipoonekana Jumapili mbili mtu atakuja kugonga mlango wako. Mimi sikuonekana Jumapili tatu. Kilichokuja ni ujumbe wa laki tatu.

Deni la kibiina bado lipo. Akina mama wa kibiina walikaa wakaniongezea miezi miwili bila faida, na mmoja wao ni Mwislamu aliyenitumia unga na sukari kwa watoto siku ileile ya maji. Nguo zilizookolewa ni zaidi ya nusu. Sweta lile la njano liliuzwa elfu tano siku hiyohiyo, na Jjajja ndiye aliyemwita mteja. Mashuka yake tulikuja kuyapiga pasi pamoja jioni, na mawili yalikuwa yameshaharibika kwa kukaa na tope. Nilitaka kumlipa, akaondoa mkono wangu.

Wale wa mbegu nimewajibu leo saa nne, kwa heshima: "Asanteni kwa miaka mitatu. Sitapanda. Mungu awabariki." Mkono ulikuwa unatetemeka, sijui ni hasira au ni hofu ya kutoka peke yangu.

Jumapili Jjajja anapitia kwangu saa moja na nusu tupande Namirembe, na ibada ni ya Kiganda. Jana kwenye giza la kufunga meza alinifundisha Baba Yetu, mstari kwa mstari, kila tunapokunja nguo. Kitaffe ali mu ggulu. Nimefika pale pa chakula cha leo, zaidi ya hapo bado naendelea kwa Kiswahili, naye ananisubiri hadi nimalize.