Upepo wa Mbisho (Marko 6:45–52)

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Marko anasema Yesu alikuwa peke yake nchi kavu alipowaona wanafunzi wakitaabika kwa kuvuta makasia, upepo ukiwa wa mbisho, yaani ukivuma kinyume na mwendo wao. Yohana anataja umbali: stadio 25 au 30, karibu kilomita 5. Walianza jioni; Yesu aliwaendea zamu ya nne ya usiku, ambayo huanza saa tisa. Asiyewahi kushika kasia huipita aya hiyo haraka mno.

Kathleen Noble, mzaliwa wa Uganda, binti wa wamisionari kutoka Ireland, angeisoma polepole. Aliwahi kuiwakilisha nchi yetu katika kuogelea. Makasia aliyaanza akisoma Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, akawa Mganda wa kwanza kushindana katika mchezo huo. Mwaka 2024 akashindana tena Paris.

Mbio zake ni mita 2,000, mtu mmoja na makasia mawili, ndani ya mtumbwi mwembamba wenye urefu wa mita 8 hivi na uzito wa kilo 14 tu. Nguvu huanza miguuni. Magoti yamekunjwa, kasia linaingia majini, miguu inasukuma, mgongo unafunguka, mikono inavuta mwisho. Kurudi ni kinyume: mikono, kiwiliwili, kisha magoti, taratibu, kiti kikiteleza kwenye magurudumu yake.

Upepo wa mbisho huharibu utaratibu huo. Mwili unataka kuharakisha: mikono inavuta kabla ya miguu, mivuto inakuwa mifupi, vidole vinabana mpini. Kasia likizama mno, maji hulinasa, mpini hurudi kifuani kwa kishindo, na mtumbwi unaweza kupinduka. Dawa ni kupunguza idadi ya mivuto kwa dakika, kurefusha kila mmoja, kulegeza vidole, na kuinua makasia zaidi wakati wa kurudi yasigonge mawimbi. Ni vigumu sana kumshawishi aliyechoka apunguze haraka.

Mpiga kafi wa Ggaba, kwenye Ziwa Victoria, hutazama mbele. Mvuta makasia huketi akiupa mgongo mwisho wa safari, hata upepo wa mbisho humpiga mgongoni. Mbele ya macho yake ni pale alipotoka tu. Basi kama wanafunzi waliketi hivyo, usiku kucha nyuso zao zilielekea pwani waliyoiacha na mlima ambako Bwana alikuwa akiomba. Alikuja kutoka upande huo, akitembea juu ya maji. Waliotaabika kwenye makasia ndio waliokuwa wamekaa vizuri zaidi kumwona, na bado walidhani ni kivuli, wakapiga kelele.

Juma hili tuwaombee wavuvi wa Ggaba, Kigungu na Kalangala, ambao ziwa huwatulia asubuhi na kuwachafukia mchana. Aliye na ndugu ziwani amkumbushe kuvaa jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka pwani.