Mikono bado inaniuma

Jana jioni mzee mmoja wa mtaani kwetu Temeke alidondoka kijiweni, kikombe cha kahawa bado mkononi. Watu wakaanza kummwagia maji, mwingine anampepea kwa kanga. "Si anapumua, hamsikii anakoroma?" Jamani, kule si kupumua. Mtu akizimika, haitiki, anakoroma kwa kukatakata, mchukulie kuwa moyo umesimama.

Nikapiga kelele waite gari la wagonjwa, nikamlaza chali sakafuni. Kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, nikakandamiza. Kwa nguvu kweli: sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara unaachia kifua kirudi juu. Nikasikia ubavu umelia "ka!" Nilitetemeka, lakini sikuacha. Ubavu huunga. Kila dakika 2 nilipokezana na kijana wa bodaboda, maana mikono ikichoka unabonyeza juujuu tu.

Gari lilifika tukiwa bado tunakandamiza. Leo alfajiri mwanawe kanipigia, analia: "Baba kafumbua macho."