3–2 ya Hajji

Juzi binti yangu kaniuliza, "Baba, kile kikufuli pale juu kwenye anwani ya tovuti kinafunga nini?" Nikamwambia kinamzuia mtu wa katikati asiuchokonoe ukurasa kabla haujakufikia. "Mtu gani wa katikati?" Nikajifanya nimeitwa jikoni. Mtu wa katikati nilikuwa mimi, Arua, Uganda, 2011.

Kafe ya intaneti mnaijua. Dishi juu ya bati, jenereta nyuma, kompyuta zote zinagombania kalaini kamoja. Kazi yangu ilikuwa kuzipunguza kurasa uzito, na chombo changu kilikuwa Privoxy, programu inayokaa kati ya brauza na intaneti: brauza zinaomba kwake kupitia mlango (port) namba 8118, naye anaushika ukurasa mzima, anaupitisha kwenye vichujio, ndipo anauachia. Kichujio ni mstari tu: tafuta hiki, weka kile. Nilishafuta matangazo ya kurukaruka na zile amri za ukurasa kujipakia upya kila baada ya muda mfupi. Kilichonitesa mwanzoni ni uroho wake. Ukimwambia afute kutoka alama hii hadi ile, anakwenda mpaka ile ya mwisho kabisa, habari yote inamezwa. Dawa ni herufi U mwishoni mwa mstari. Nilitembea na hiyo U kama bwana harusi.

Sasa Hajji, mteja wangu. Presha ndiyo iliyomtoa banda la mpira. Hajjati, mkewe, alimpiga marufuku mwenyewe. Wakapatana awe anasoma matokeo kwangu, kwenye ukurasa mwepesi wa simu, majina na namba basi. Arsenal damu. Tarehe 28 Agosti, Arsenal wanakwenda Old Trafford, kwa Man Utd, na kikosi cha kuungaunga, Hajjati akapita kafe asubuhi peke yake.

"Mwanangu, hizo namba si zinapitia kwako? Zikizidi, mfichie. Mwisho tatu."

Sikubisha. Kusema kweli, nilifurahia kupewa fumbo. Ili wateja wengine wasiguswe, nikawasha Privoxy ya pili kwenye mlango 8119, nikaielekezea kompyuta ya kona, anakokaa Hajji, peke yake, na mstari huu:

s@Man Utd [4-9]-@Man Utd 3-@g

Yaani tarakimu yoyote kuanzia nne hadi tisa ikifuata jina la Man Utd, isomeke tatu.

Mapumziko, 3–1. Ukweli mtupu. Hajji akaguna, akajiliwaza na Tottenham waliokuwa wamechapwa 5–1 nyumbani kwao na Man City mchana uleule. Alicheka mpaka akakohoa. Namba hiyo sikuigusa.

Kipindi cha pili barabara ikaanza kunguruma. Rooney, Nani, Park, mmoja nyuma ya mwingine. Kila kelele ikipigwa Hajji anabonyeza, ukurasa unakaa mweupe, maana Privoxy haiachii hadi iupokee wote, halafu: Man Utd 3-1 Arsenal.

"Hawa wanashangilia nini? Kona?"

Nikainamia daftari la mahesabu.

Kisha Van Persie akafunga. Kwenye kompyuta yangu, 6–2. Kwenye kona, 3–2.

Hajji akasimama. Hapo ndipo mimi na Hajjati tulipokuwa hatujafika kwa mawazo. Mtu tuliyetaka akae na kipigo kidogo, kilichotulia, sasa alikuwa amebakiza goli moja. Kavua kofia, anaisokota mkononi. "Moja tu, ya Rabbi, moja tu." Anabonyeza. Mweupe. 3–2. Nje kelele tena, penalti ya Rooney, la saba. "Wamekosa! Nakwambia wamekosa!" Vijana wa kompyuta za mbele, wenye 7–2 machoni mwao, wakanigeukia, nikaweka kidole mdomoni. Mshipa wa shingo ya Hajji niliuona nikiwa kaunta. Nikafikiria kuzima jenereta. Nikafikiria kuufuta ule mstari, lakini hapo saba ingemrukia usoni kwa mara moja. Nikabaki na kidole changu mdomoni. Anabonyeza. 3–2. Anabonyeza.

Ikaisha. Nane kwa mbili dunia nzima, tatu kwa mbili pale kona. Akavaa kofia, akalipa. "Tumepigana kiume," akasema, akatoka kuelekea kwa vijana wa boda boda waliokuwa wameinua vidole vinane.

Kesho yake hakuuliza kitu. Hajjati alinitumia kuku, na sikujua ni ahsante au ni kwaheri. Huwa najiambia kwamba matumaini yanapandisha presha kuliko kufungwa nane. Halafu najiuliza udaktari huo niliusomea wapi.

Tarehe 17 Septemba akarudi, akaketi palepale kona bila kuonyeshwa. Blackburn 4-3 Arsenal. Kichujio changu hata jina la Blackburn hakikulijua. Hajji akaitazama namba, akabonyeza, akaitazama tena, akageuza kiti kunielekea.

"Mwanangu," akasema, "na hii tuisomeje?"