Jeni ambayo ukiitoa mdudu anakufa

Tangu asubuhi niko kwenye darubini natafuta wadudu ambao moyoni najua hawapo. Damu nimeipaka kwenye slaidi, nimeichovya methanoli, nimeitia rangi ya Giemsa, tone la mafuta juu, halafu ni kuzunguka tu, chembe nyekundu, chembe nyekundu, chembe nyekundu, zote safi. Mdudu mchanga wa malaria akiwepo humkosi ukishamzoea, ni kaduara kembamba ka bluu ndani ya chembe, kana kadoti kekundu pembeni. Sasa sioni kaduara hata kamoja, na swali ni lile lile kila mara: wamekufa kwa sababu jeni niliyotaka kuitoa hawawezi kuishi bila hiyo, au ni kwamba tu DNA niliyotengeneza ya kuitoa haikuingia?

(Ndiyo najua rasmi ni vimelea, ila mimi huwa nasema wadudu, nimeshazoea.)

Hii kazi ukiielezea kwa ufupi inaonekana rahisi, yaani una jeni, hujui inafanya nini, unaitoa halafu unaangalia kinachoharibika. Jenomu, yaani DNA yote, ya mdudu wangu wa malaria, Plasmodium falciparum, ilichapishwa 2002, herufi kama milioni 23, kromosomu 14, jeni 5,300 hivi, na karibu asilimia 60 ya protini zake hazikufanana vya kutosha na kitu chochote ambacho kazi yake inajulikana. Tangu hapo watu wamejitahidi sana lakini bado ukifungua orodha unakutana na mistari na mistari iliyoandikwa tu kwamba hii protini ipo kwa Plasmodium wote, kazi haijulikani. Ipo kwa wote! Yaani mageuzi ya mamilioni ya miaka yameitunza, halafu sisi hatuna hata jina la kuipa.

Shida ni kwamba huyu mdudu akiwa kwa binadamu ana nakala moja tu ya kila jeni. Nakala mbili anakuwa nazo kwa muda mfupi ndani ya mbu, baada ya dume na jike kuungana, basi. Kwa hiyo ukitoa jeni ambayo anaihitaji ili azaliane kwenye damu, hupati mdudu mgonjwa wa kumchunguza, hupati kitu. Ni sawa na kung'oa nguzo ili ujue ilibeba nini, nyumba ikidondoka yote umejua tu kwamba ilikuwa nguzo.

Na mbinu ya kupunguza nguvu ya jeni bila kuigusa, ile ya RNA ndogo ndogo inayotumika kwa viumbe wengine wengi, kwake haifanyi kazi maana hana hiyo mitambo kabisa. DNA yake yenyewe zaidi ya asilimia 80 ni herufi A na T, kuikuza ndani ya bakteria ni ugomvi, inavunjika vunjika. Halafu kuiingiza, lazima ivuke utando wa chembe nyekundu, utando wa kile kijumba alichojifungia mdudu, utando wa mdudu mwenyewe, kisha wa kiini. Tunawapiga shoti ya umeme na wanaoipokea DNA ni wachache mno. CRISPR, ule mkasi wa kukata DNA mahali unapotaka, ilipofika kwa falciparum 2014 ilisaidia sana, ila na yenyewe ina sharti lake, mdudu huyu hana ile njia ya kuunganisha ncha mbili za DNA iliyokatika ovyo ovyo, kwa hiyo usipompa kipande cha kunakili anakufa tu. Baada ya hapo unaweka dawa ya kuwaua wote ambao hawakupokea, unabadilisha chakula, unasubiri wiki kadhaa. Chupa ninamowakuza inabaki tupu, hakuna mdudu. Au haibaki tupu, na hapo furaha yake siwezi kuielezea.

Ndo maana kazi ile ya 2018 ya kutumia piggyBac naipenda kuliko zote. Hiki ni kipande cha DNA kinachojichomeka chenyewe mahali penye herufi TTAA, na kwa jenomu iliyojaa A na T sehemu hizo ziko kila mahali. Watafiti wakatengeneza wadudu waliochomekwa sehemu zaidi ya 38,000, halafu wakauliza, ni jeni zipi ambazo hatujakuta kimechomeka katikati yake? Chupa yangu moja tupu haina maana yoyote, lakini jeni yenye nafasi nyingi za kuchomekwa ambayo kwenye maelfu yote hayo haijaguswa hata mara moja, hiyo inakwambia kitu. Walihesabu jeni 2,680 kuwa za lazima ili mdudu akue vizuri kwenye damu, karibu nusu ya jeni zote.

Ila nina neno moja na hiyo orodha, na zote zinazofanana nayo. Ni orodha ya chupa. Humo ndani hakuna kinga ya mwili, hakuna wengu, hakuna mbu, chakula kinaletwa kila siku. Jeni ya AP2-G ndiyo inayomwambia mdudu aache kujigawa na awe dume au jike, bila hiyo hawezi kwenda kwa mbu na malaria inaishia hapo hapo, lakini kwenye chupa wapo wadudu waliokaa sana maabara mpaka hiyo jeni ikaharibika na wanaendelea kustawi bila wasiwasi. Upande wa pili kuna apikoplasti, kile kiungo kidogo ndani ya mdudu kilichotokana na mwani, 2011 ilionekana kwamba ukimpa mdudu kemikali moja tu, IPP, anaweza kuipoteza apikoplasti yote na bado akaishi kwenye damu. Kiungo kizima chenye jenomu yake! Kwa hiyo jeni kibao zilizoonekana za lazima, ni za lazima kwa ajili ya hiyo kemikali moja.

Kwa jeni yangu nimeamua sing'oi tena. Naiacha ilivyo, naizungushia alama mbili za loxP, kwa wadudu wenye kimeng'enya Cre, kile kinachoitoa DNA iliyo kati ya alama hizo, ila kimekatwa vipande viwili ambavyo havifanyi chochote mpaka nitie dawa ya rapamaisini vikakutana. Hapo kuzaliana kunakuwa kwa kawaida hadi siku nitakayotaka mimi. Natia dawa wakiwa bado wachanga, kaduara, halafu napaka slaidi kila baada ya saa chache hadi saa 48 za mzunguko wake mmoja kwenye damu ziishe, nione wanakwama wapi, kama wanashindwa kukua, au wanakua wanajigawa vizuri tu halafu watoto wanashindwa kutoka, au wanatoka wanashindwa kuingia chembe nyingine. Dau langu liko kwenye kutoka. Mwenzangu wa meza ya pili anasema kuingia, tumeshabishana sana na hakuna aliyekubali.