CNC ya nyumbani: pesa yangu imeingia kwenye chuma

Wageni wa karakana yangu hapa Tabata huuliza kwanza ukubwa wa meza ya CNC, mashine yangu ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Daraja, ile boriti inayopita juu ya meza na kubeba kichwa cha kukatia, limebebwa na nini, hilo haliwashughulishi. Mimi nachonga mninga na mkongo, vibao vya majina na paneli za makabati, na mbao hizo hazina huruma na mashine legelege.

Zile mashine ndogo za 3018 zinazouzwa mtandaoni zimepewa jina kwa eneo lao la kazi, sentimita 30 kwa 18. Kama unachonga saketi, plastiki au MDF nyembamba, nunua wala usione haya. Utajifunza na GRBL, programu huria inayokaa ndani ya Arduino Uno na kugeuza amri za kompyuta kuwa mwendo wa mota. Mninga ni habari nyingine.

Basi si ningeagiza ya mita moja kwa mita moja, ya alumini na mikanda? Boriti ukiirefusha mara mbili, mzigo ukabaki uleule, inapinda mara nane. Nane! Biti, yaani kisu kinachozunguka, ikifika penye kifundo daraja linayumba, mkato unatoka na mawimbi, na msasa hauyaondoi bila kula na maua yenyewe. Nimejenga ya sentimita 60 kwa 40. Paneli ikizidi urefu naisogeza na kuchonga kwa awamu.

Fremu ni mabomba ya chuma ya pembe nne kutoka Gerezani. Moto wa kulehemu huvuta chuma kikapoteza unyoofu, hata fundi awe hodari vipi, kwa hiyo viungo vinavyobeba reli za kutelezea nimevifunga kwa bolti. Chini ya reli nimemimina epoksi nyepesi, ikajisawazisha yenyewe kama maji.

Fungu lililofuata lilikwenda kwenye skrubu za gololi, zinazogeuza mzunguko wa mota kuwa mwendo ulionyooka, aina ya 1605: kipenyo milimita 16, mwendo milimita 5 kwa mzunguko. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, kwa hiyo unapata hatua 40 kwa milimita kabla dereva, saketi inayoendesha mota, haijazigawa zaidi. Mkanda wa meno wa aina ya GT2 kwenye puli ya meno 20 unakupa hatua 5 tu, na bado unavutika.

Kichwani nimefunga ruta ya mkono, mashine ya useremala inayozungusha biti, ya volti 230. Chunguzeni kibandiko kabla ya kulipa, maana zinazotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120. Na kile kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa ruta pia. Kikisimamisha mota za mwendo peke yake, biti inaendelea kuzunguka palepale ilipo.

Spindo, mota maalumu ya kuzungusha biti, ile ya kupozwa kwa maji ni kimya zaidi, ila inataka inveta yake, kifaa cha kuilisha umeme na kudhibiti kasi, na kwa bei hiyo nilipendelea reli nzuri. Jirani mwenye mtoto mchanga ana maoni tofauti. Tumekubaliana: mwisho saa kumi jioni, Jumapili hakuna.