Baada ya Kupiga Picha, Viroba Vinaenda Wapi?

Jumamosi ile tulitoa viroba 64 mferejini. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Oktoba, siku ya usafi kama kawaida ya kila mwisho wa mwezi, na wiki nzima nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani watoke. Walitoka. Wengine walikuja na majembe yao, wengine waliazima mabeleshi kwa mafundi ujenzi, na vijana wa kijiweni wakaingia kwenye tope, wenye gambuti na gambuti zao, wasio nazo pekupeku, hadi roho yangu ikawa juu juu kwa kuogopa vigae vya chupa. Kufika saa 4 asubuhi mfereji ulikuwa umeonekana hadi kwenye zege. Tukavipanga viroba kando, tukasimama nyuma yake, tukapiga picha.

Gari la taka halikuja siku ile. Halikuja Jumapili wala Jumatatu. Jumanne lilikuja, dereva akashuka, akasukuma kiroba kimoja kwa mguu, akaniambia, "Dada, hili ni tope. Tope sibebi." Akaondoka. Alhamisi usiku mvua ya vuli ikapiga saa 2 mfululizo. Viroba vya ukingoni vikateleza vikarudi mferejini, safari hii vikiwa vimefungwa midomo na vizito kuliko mwanzo, vikajazana kwenye kalavati na kuliziba kabisa. Maji yakatafuta njia nyingine, wa kwanza kuingiliwa akawa bibi anayetuuzia maandazi, ambaye nyumba yake iko chini kuliko zote.

Asubuhi nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta ameanika godoro ukutani na mfuko wake wa ngano umelowa wote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mngeziacha hizo taka kulekule chini. Zilikuwa zimeshatulia."

Tangu siku hiyo sijaitisha usafi hata mmoja bila kujua kwanza kiroba cha mwisho kitalala wapi.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Kigogo, Dar es Salaam, upande unaoteremkia Mto Msimbazi. Mfereji wetu si mkubwa, kijana mwenye miguu mirefu anauruka, ila unapokea maji ya nyumba nyingi na kuyamwaga mtoni. Msimbazi wenyewe unatoka huko vilima vya Pugu, unaukata mji, unapita Jangwani na kuingia baharini pale Daraja la Salander. Kwa hiyo tulio katikati tunapokea ya wa juu na kuwapelekea wa chini. Wenyeji mnajua pia tabia tuliyonayo, hata kama hatuisemi hadharani: mvua ikianza kunyesha usiku, milango inafunguka. Mvua ndiyo gari la taka la asiye na hela ya gari.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kwa Mwenyekiti wa mtaa, naye akanipeleka kwa afisa afya wa kata. Nilikwenda nimejaa hasira juu ya mkandarasi wa gari la taka, nikatoka nimeelewa mambo ambayo ningeyauliza kabla ya kuitisha watu. Gari lina njia yake na siku zake. Linachukua taka kutoka kwenye kizimba, yaani mahali pa kukusanyia taka, halizunguki vichochoroni. Mzigo unakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, mbali, na foleni ikishika gari huenda likapata safari moja tu kwa siku. Ukimjazia dereva tope, umemlia safari nzima kwa udongo. Bado naona tulistahili kuambiwa hayo mapema, kwa sababu siku ya usafi ilitangazwa na kipaza sauti kikapita, lakini gari halikupangwa na mtu yeyote. Hata hivyo kosa la kuviacha viroba ukingoni lilikuwa langu.

Kwa hiyo usafi wa pili, mwezi wa pili mwaka uliofuata, kabla ya masika, niliupanga kwa kuanzia mwisho. Kwanza tulikubaliana na jirani yetu kwamba kirikuu yake, kigari kidogo cha mizigo, saa 4 iwe pale, mafuta tuchange. Kisha tukatafuta mahali pa tope: kulikuwa na njia ya wapita kwa miguu iliyoliwa na maji, ikahitaji kujazwa. Mambo hayo mawili yalipokamilika ndipo nikatangaza siku. Tope tulilitandaza juani siku 2, tukaliokotea plastiki na vioo, tukajazia njia. Lililokuwa mzigo likawa kifusi.

Halafu tukafanya jambo ambalo naliona ndilo lililobadilisha kila kitu. Kabla ya kupakia, tulitandaza turubai, tukamwaga viroba 10 tukachambua kilichomo. Sikutaka kubahatisha tena. Nilidhani tutakuta chupa za maji tupu. Chupa zilikuwepo, na vifuko vya karanga na barafu, vile vyepesi vinavyopeperuka. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na kweli rambo za zamani tulizopata zilikuwa chache, zimezeekea chini kabisa ya tope. Lakini zaidi ya nusu ya lundo ilikuwa vitu vya jikoni: maganda ya viazi na ndizi, machicha ya nazi, vifuu, mabua ya mchicha, makombo ya wali. Zikafuata pampasi. Pampasi zilikuwa nyingi mno.

Na palikuwa na vitambaa. Nilivuta kimoja kwenye tope, nikakisuuza, nikakitambua. Kilikuwa kitenge cha maua ya njano nilichoshonea sare ya harusi miezi michache nyuma. Mabaki ya meza yangu nilikuwa nampa mtoto mmoja na shilingi 200 "akatupe", wala sikuwahi kumuuliza anatupa wapi. Nilisimama na kile kitambaa mkononi mbele ya watu wote niliokuwa nimewahutubia wiki nzima. Nikawaambia ni changu.

Sijutii kusema. Baada ya hapo mama mmoja alikiri kuhusu pampasi za mjukuu wake, na mwenye genge akakiri kuhusu nyanya zilizooza, na kwa mara ya kwanza tukazungumza kama watu wenye tatizo moja badala ya kunyoosheana vidole.

Aliyetusaidia zaidi siku ile ni kijana anayeokota chupa, ambaye wengi humfukuza getini. Anaujua mtaa wetu kuliko Mwenyekiti. Alitufundisha kwamba chupa ya maji na chupa ya mafuta ya kula haziwekwi pamoja, kwa sababu yenye mafuta inashusha bei ya zote. Kwamba vifuniko vinauzwa peke yake kama plastiki ngumu. Kwamba chupa iliyokanyagwa ikabanwa inabebeka mara mbili zaidi kwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Nilimwomba awe mtu wetu wa chupa. Nyumba zinamwekea chupa safi kwenye kiroba cha peke yake, yeye anachukua bure na anauza mwenyewe. Kuna waliolalamika kwamba anafaidika. Nikawajibu kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Iliyobaki ikawa ile nusu ya jikoni. Mwenyekiti alitupa kipande cha ardhi nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, tukagongelea mbao chakavu tukapata visanduku 3 vya kutengenezea mboji. Sanduku la kwanza lilitushinda. Tulijaza machicha na makombo matupu, baada ya wiki likanuka mpaka barabarani, likajaa inzi na funza, na jirani alikuja kushitaki akiwa na haki yote. Bwana shamba ndiye aliyetuonesha kosa: vitu vya jikoni ni maji matupu, vikilundikwa peke yake vinakosa hewa, vinaoza badala ya kuiva. Vinahitaji kikavu.

Kikavu Dar kipo. Karibu yetu kuna maseremala ambao maranda huwa yanawajalia hadi wanayachoma. Sasa kwa kila ndoo 1 ya jikoni tunaweka ndoo 2 za maranda na majani makavu. Maranda ya mbao zilizopakwa dawa au rangi hatuchukui. Vichwa vya samaki na mifupa haviingii, vinaita panya. Ukitaka kujua kama maji yametosha, shika konzi moja ukamue: likitoka tone moja au mawili pako sawa, ikichuruzika ongeza maranda, ikimomonyoka kama mchanga nyunyiza maji. Juu tunafunika kwa magunia, maana jua letu linakausha kila kitu. Kila Jumamosi tunageuza. Ukichomeka nondo katikati ukaiacha kidogo, ikitoka na joto ujue kazi inaendelea. Inachukua kama miezi 3, na ikiwa tayari inanuka udongo wa mvua ya kwanza. Wanunuzi wetu ni wauza maua wa kando ya barabara, ambao huhitaji udongo mzuri wa vitalu kila wakati.

Kinachobaki baada ya chupa na mboji ni kidogo, na ndicho tunachomlipa mtu wa guta akipeleke kizimbani siku ya gari. Nyumba 38 zinachanga shilingi 500 kwa wiki. Daftari analo bibi wa maandazi, kwa sababu kila mtu hupita mezani kwake asubuhi, na kwa sababu mbele yake hakuna anayethubutu kusema "nitaleta kesho" mara 3. Shida kubwa ya michango haikuwa umaskini. Wapangaji walikuwa tayari. Wenye nyumba wanaoishi mbali ndio walioona haiwahusu. Hao tuliwafuata mmoja mmoja, siku wanayokuja kuchukua kodi.

Vijana niliwapeleka Salander Jumapili moja, maji yakiwa yamekupwa, tukatazama pale mto unapoingia baharini. Mizizi ya mchu, aina ya mkoko, imechomoza kwenye matope kama penseli, na kati ya penseli hizo kuna kandambili, chupa, na viroba vyenye mihuri ya mchele ule ule unaouzwa madukani kwetu. Sikuwa na haja ya kusema neno. Mmoja wao aliokota kandambili, akaigeuzageuza, akairudisha chini taratibu kama mtu aliyeshika kitu cha mwenzake.

Masika yalipofika niliogopa. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza nilivaa gambuti nikaenda kwenye kalavati na tochi, nikawakuta wengine 4 wameshafika, hatukuwa tumeitana. Maji yalikuja mekundu, kwa kelele, yakapanda hadi karibu na ukingo, yakaendelea kupita. Tulikaa mpaka saa 9 usiku tukitoa matawi kwa ndoana ya chuma. Kwa bibi yalifika kizingitini, hayakuingia.

Nisiwadanganye lakini. Tulichokiokoa ni mfereji. Mto ni jambo jingine. Wakubwa hapa mnakumbuka Desemba 2011, Msimbazi ulipotanuka watu wakafa, na baadhi ya waliokoseshwa makazi wakapelekwa Mabwepande. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu ziwe mita 60 kutoka mtoni, na sote tunajua nyumba ngapi zilijengwa ndani ya mita hizo. Huo ni mzigo wa mradi wa bonde zima, wa fidia na kuhamishwa, na unaamuliwa mbali na turubai letu. Ninachokataa ni mtu kutumia ukubwa wa mto kama sababu ya kuziba mfereji.

Pampasi bado zimenishinda. Haziozi, hazinunuliwi, na zikilowa zinavimba na kuziba kuliko kitu chochote. Kwa sasa zinafungwa peke yake na kwenda kizimbani. Nilijaribu kushona nepi za kitambaa kwa mabaki ya meza yangu, tabaka 3 za pamba na flana ndani, nikawapa akina mama 5 bila malipo. Mmoja ndiye anayeendelea nazo. Wengine wamerudi kwenye pampasi, na siwezi kuwalaumu: maji wananunua kwa dumu, na kufua nepi 6 kwa siku ni dumu zima. Nimeanza kufikiria tangi la maji ya mvua kwenye bati la ofisi ya mtaa, kwa ajili ya kufulia tu, na Mwenyekiti amesema tuandike barua. Kama mtaani kwenu mmepata njia nyingine, naomba mnioneshe. Jumamosi asubuhi nipo nyuma ya ofisi, nageuza mboji.